Mkanda wa Mzee Kazimierz

Gerishon alibaki na meno thelathini na moja, na aliyeling'oa lile moja alikuwa mzee wa miaka tisini. Tulimcheka sana sisi wenzake chumbani kwetu Abu Hamour, huku Uarabuni tulikokuja kutafuta kazi, mwanamume mzima wa Meru kuchapwa na babu. Nilicheka kuliko wote, na leo naona aibu.

Kazi yake ilikuwa kumtunza Mzee Kazimierz, babake mhandisi mmoja Mpolandi. Wajerumani walipoitwaa nchi yake, mzee alitorokea Uingereza, akarusha ndege za kivita bega kwa bega na Waingereza. Sasa, mwaka 2009, akili zilikuwa zinamtoka. Kila asubuhi Gerishon alipomfunga mkanda wa kiti cha magurudumu, mzee alipigana kwa ngumi, meno na bakora. Lakini kampuni iliyomwajiri ilikuwa imesema wazi: ukimwacha mgonjwa bila mkanda, unarudishwa kwenu. Gerishon alikuwa na mabinti wawili shuleni. Alifunga, akapigwa, akafunga tena.

Ijumaa moja, siku ya mapumziko ambayo hata Wakristo huku husali, wakitoka misa kanisani kule Mesaimeer, mzee alikuwa na akili timamu, akamweleza habari za rafiki yake Stefan. Stefan alitua ndege yake ikiwaka moto, na mkanda ukakataa kufunguka. Aliungua akimwita Kazimierz kwa jina, akigonga kioo mpaka ngozi ya viganja ikabaki pale. Kazimierz alishindwa kumfikia kwa ukali wa moto. Akachomoa bastola, akampiga risasi ya kichwa.

"Nilimuua rafiki yangu kwa sababu ya mkanda," alisema.

Kesho yake Gerishon hakuufunga. Huruma ilimzidi, na mimi simlaumu hata kidogo.

Adhuhuri jirani alianza kuchoma nyama uani kwake, moshi ukavuka ukuta. Mzee akaunusa, akainuka kitini akipiga mayowe, akayumbayumba kuelekea kwenye moshi. Alianguka kwenye ngazi za saruji, fuvu likapasuka. Gerishon alimkumbatia, damu ikimlowesha shati mpaka viatu.

Mzee alimshika uso. "Umetoka, Stefan?"

"Nimetoka," Gerishon alimjibu. "Mkanda ulifunguka."

Mzee alikata roho kabla gari la wagonjwa halijafika. Mhandisi aliporudi na kuuliza nani aliyeuacha mkanda wazi, Gerishon angeweza kusema mzee aliufungua mwenyewe, na sisi tungemsihi aseme hivyo. Alisema ni yeye, kisha akaja chumbani kufunga sanduku lake.