Programu Niliyoionea Haya

Mwanangu, kuna wiki moja siisahau hata nikitaka. Jana nilikusikia ukiwachekesha wenzio, kwamba ofisi iliyokuajiri hapo Kilifi inaandika barua kwa programu ya LibreOffice, "vitu vya bure, kama sadaka." Moyo wangu haukutulia. Na utanistahimilia, maana kisa hiki kikinijia siwezi kukaa kitako.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, karani katika duka la kuchapa la Bi Rukia, Muyeye. Bi Rukia alianzia taipureta, akaijua kompyuta ukubwani, na alikataa katakata programu za kunakili kwa wizi kama walizokuwa nazo majirani. Yeye alitaka OpenOffice, mamake hiyo LibreOffice yako, iliyotolewa na wenyewe kwa hiari kila mtu aitumie. "Watu huja hapa kudai haki zao," akisema. "Siwaandikii kwa kitu cha wizi." Mimi nikaona ni ukaidi wa kizee tu. Lo, ujana!

Jumatatu alikuja Mama Kadzo kutoka Marafa, mjane, amemshika mkono baba mkwe wake, Mzee Karisa. Jirani yao alikuwa amewaonyesha wapimaji mpaka usio wa kweli, na sasa nusu ya shamba ilikuwa ikienda. Pingamizi lilitakiwa lifike ofisi ya ardhi Ijumaa kabla ya saa kumi. Mpaka wenyewe aliujua mzee peke yake. Akakaa, akafumba macho, akautaja wote: mkorosho huu, jiwe lile, kaburi la babu yake, kisha kushuka hadi kijitoni. Nikaandika kurasa tatu.

Sasa, dukani kwetu ilikuwa ada kwamba barua haichapishwi mpaka mwenyewe asomewe yote, akiri kuwa ndiyo maneno yake, ndipo atie kidole gumba. Mzee alikuwa amechoka hoi. Wakaahidi kurudi Ijumaa asubuhi.

Jumatano Bi Rukia akaenda mazishini Takaungu. Aliniachia maagizo mawili: ninakili kazi zote kwenye flashi yake, na nisiichokorechokore mashine. "Hiyo si sufuria, usiikoroge," akaniambia, akajitanda buibui akaenda zake.

Hata saa haijapita, akaingia mwalimu mmoja, mteja wetu, akachungulia kioo akacheka. "Bado mwatumia hii? Ofisi gani hii?" Mwanangu, uso uliniwaka. Kunakili kazi nikakuacha, nikatoka mbio hadi kwa rafiki yangu, nikarudi na programu ya kulipia iliyoibwa, pamoja na kidude cha kuvunjia kufuli yake. Nikakibofya. Kioo kikazima, kikarudi, na kila barua ya duka lile haikufunguka tena. Kile kidude kilikuwa kimejaa virusi.

Nikazima, nikawasha. Nikatoka nje, nikaingia, nikatoka tena. Bado nilikuwa nikijidanganya kwamba nikiizima mara moja zaidi itapona. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Alhamisi Bi Rukia aliporudi nilimweleza kila kitu. Hakunigombeza. Aliuliza moja tu. "Na ya Mzee Karisa?"

"Imepotea, Bi Rukia."

"Basi kesho atatwambia tena, tutaandika upya." Wallahi, nilipumua.

Ijumaa Mama Kadzo akaja peke yake. Mzee alikuwa ameamka siku iliyotangulia upande mmoja umepooza na ulimi hautamki neno; anatazama tu. "Lakini bahati njema," akasema, "maneno yake si mnayo?"

Nilimwambia. Akanivutia kiti. "Wewe ni kijana, kichwa chako chakumbuka. Kaa ukumbuke."

Nikakaa. Mkorosho niliukumbuka, na jiwe, na kaburi. Kutoka kaburini kushuka kijitoni, patupu. Mzee alitaja miti gani? Alisema mkono wa kulia au wa kushoto? Saa saba, saa nane, saa tisa. Nikataka kubuni, Bi Rukia akanishika mkono. "Ukitia moja la uongo, wataitupa yote." Tukapeleka kurasa mbili, saa kumi kasorobo.

Upande wa juu walirudishiwa. Upande wa kijito ulikwenda. Mzee Karisa alifariki mwaka huohuo, na hakutamka tena. Mpaka leo Mama Kadzo akitaka kunywesha mbuzi wake hupiga hodi kwa jirani.

Bi Rukia alinikemea siku moja tu, tena kwa sauti ya chini: "Usiache mbachao kwa msala upitao. Wewe uliutupa wako, na wa mwenzio ukautupa pamoja nao." Nilitamani anipige, afadhali.

Basi, mwanangu, sikwambii hiyo LibreOffice haina kero. Itakusumbua, jifunze, uliza, wanaoijua hawachoki kueleza. Barua ikiisha itume kwa PDF isivurugike njiani. Nakili kazi kabla ya kunywa chai, si baada yake. Na akija mtu akacheka kioo chako, mwache acheke, aondoke na kicheko chake. Yule aliyekuja kuandikiwa hajui programu wala hataki kuijua. Amekuachia kinywa chake, na huenda kesho asiwe na kingine.

Haya, nenda kazini. Mungu akujaalie mkono usio na pupa, na kila atakayekukabidhi maneno yake ayakute siku atakayoyarudia.