Beji Chini ya Jiwe la Mpaka

Katsuva alikuwa mtu wa maneno machache. Watu wawili wakimsalimia kwa pamoja, alimjibu mmoja huku akiangalia viatu vya mwingine. Alizaliwa Butembo. Baba yake alipofariki, aliacha shule akiwa darasa la tano, akaacha na kundi la skauti, zikiwa zimebaki wiki mbili afanye jaribio la beji yake ya kwanza. Pengine ndiyo sababu alipohamia Bunia, mtu mzima sasa, alianza kutafuta beji za skauti za zamani. Nyingine alizitoa kwenye mashati makuukuu yaliyoletwa sokoni kutoka Ariwara, nyingine alipewa na wazee waliozivaa kabla ya uhuru. Beji ya mpishi, ya mwogeleaji, ya mzimamoto. Alizitunza ndani ya kopo la maziwa ya unga.

Kazi yake ilikuwa kushika kamba. Muzee Rachidi, mpimaji wa viwanja, ndiye aliyemfundisha: jinsi kamba yenye mafundo, hatua tatu, nne na tano, inavyotoa kona ya mraba, jinsi ya kupanga vijiti vitatu hadi cha mbele kivifiche vingine na mstari unyooke. Na alimfundisha kuzika shahidi chini ya kila jiwe la mpaka.

“Jiwe linaweza kutembea,” Muzee alimwambia. “Kile kiko chini yake hakina miguu.”

Wapimaji wengine walizika mkaa au vipande vya chupa. Katsuva alizika beji, moja kati ya zile alizokuwa nazo mbili mbili, ndani ya kichupa cha dawa kilichozibwa kwa nta ya mshumaa.

Mwezi wa tano mwaka 2003, mji ulipowaka moto kwa vita, alikimbia kwa miguu hadi Beni. Aliporudi mwezi wa nane, Muzee Rachidi alikuwa amekufa, na kopo la maziwa lilikuwa mtaroni, tupu.

Hakupata hata nafasi ya kulilia kopo. Siku ya tatu alifuatwa na Mama Adèle, ambaye kiwanja chake Katsuva na Muzee walikuwa wamekipima miaka saba nyuma. Mume wa Adèle alipigwa risasi katika vita vile, na majirani wakamzika haraka haraka mwisho wa kiwanja. Sasa jirani wa nyuma, Honoré, aliyeshika bunduki tangu vita vianze na hajaiweka chini, alikuwa ameng'oa jiwe la kona, amesogeza ua mita sita ndani, na kaburi limebaki upande wake. Pembeni ya kaburi alikuwa ameshapigilia vijiti vya kuchimbia choo. Hati za Adèle ziliungua pamoja na nyumba. Chefu wa avenyu, mkubwa wa mtaa ule, Papa Olivier, alisema Jumanne asubuhi kila mtu alete shahidi wake, na atakachoandika siku hiyo hakitabadilishwa.

Shahidi wa Adèle alikuwa Katsuva.

Jumanne mvua ilinyesha mpaka saa mbili. Katsuva alifika na kamba ya katani begani, yenye maji, na jembe. Majirani walikuwa wameshafika. Honoré alikaa juu ya tofali, bunduki magotini.

Papa Olivier alimwuliza anatafuta nini. Katsuva alijibu kwa sauti ndogo, akaambiwa aseme tena. Akasema tena, wote wakasikia: kichupa cha dawa, ndani yake beji ya kitambaa, dira iliyoshonwa kwa uzi wa njano, sindano yake nyekundu. Kiko mita thelathini kutoka jiwe la mbele, ambalo bado lipo.

“Papa,” Honoré alimwambia Katsuva polepole, “kama unachimba na haupate kitu, ile shimo itakuwa ya kwako.”



Katsuva aliweka kona kwenye jiwe la mbele, akapanga vijiti, akavuta kamba yake ya mita kumi mara tatu. Akapita ua wa Honoré, akapita kaburi, akachimba. Udongo mwekundu. Akachimba hadi magotini, akapanua shimo. Udongo tu. Nyuma yake alisikia bunduki ikikokiwa. Adèle alikuwa ameshika kitambaa chake cha kichwa kwa mikono miwili.

Katsuva aliiangalia kamba, kwa kuwa hakuweza kuangalia watu. Ilikuwa imenenepa. Mafundo yake yalikuwa yamejikaza kama ngumi. Ndipo alipokumbuka kwamba Muzee Rachidi hakupima hata siku moja kamba ikiwa imelowa.

Alichukua kijiti chake cha mita moja, akakilaza juu ya kamba, mara moja, mara mbili, mpaka mwisho. Mita tisa na sentimita sitini. Kona haikuharibika, kwa kuwa kamba iliyolowa hufupika sawasawa kila sehemu. Urefu ndio uliopungua: sentimita arobaini, mara tatu.

“Bado mita moja na ishirini,” alisema.

“Umeshachimba,” Honoré alisema.

“Aendelee,” Papa Olivier akasema, bila kumwangalia Honoré.

Jembe liligonga kitu pigo la nne. Katsuva alipiga magoti, akakwangua kwa vidole, akampa chefu kichupa bila kukifuta. Papa Olivier alivunja nta. Uzi wa njano, sindano nyekundu. Beji ilizunguka mkono kwa mkono, majirani wakiigeuza, mpaka ikamfikia Honoré. Aliishika muda mrefu.

“Hii nabaki nayo,” alisema.

“Hapana.” Katsuva mwenyewe alishtuka kusikia sauti yake. “Hiyo iko ya shimo.”

Papa Olivier alikuwa ameshaanza kuandika. Honoré aliangalia kalamu, akaangalia majirani waliokuwa wamesogea karibu, akaitupa beji chini na kwenda kung'oa vijiti vya choo, kimoja kimoja, bila haraka.

Adèle aliiokota, akaipangusa kwa kitenge.

“Papa Katsuva, zingine zote walikuibia. Ubaki na hii moja. Tutazika mukaa.”

Katsuva aliifumbata mkononi kidogo. Kisha akaomba mshumaa. Aliirudisha beji kichupani, akakiziba, akakizika mahali pake, akaweka juu lile jiwe lililong'olewa na kulikanyaga kwa miguu yote miwili. Halafu akaianika kamba juu ya ua, pale jua lilipoanza kutokea.