Begi Lililopanda kwa Kamba

Wiki hii nimelipanga begi la uzazi, nikalipangua, nikalipanga tena. Vitu vyote vipya, vimetoka dukani Mlandege, vinanuka plastiki. Basi nikatoa kabatini khanga moja kuukuu ili niiongeze, na hapo, ndugu yangu, nikajikuta nina miaka tisa, niko ghorofani Mji Mkongwe, sina pa kutokea.

Tulikuwa tukikaa juu mimi, mama na bibi. Baba alikuwa kazini Pemba. Ilikuwa masika. Kuta zilitota mpaka chokaa ikawa inabanduka na kuangukia chakula. Begi alilipanga bibi: khanga zilizofuliwa hata zikalainika, pamba, sabuni, nguo za mtoto alizozifukiza udi. Kazi yangu ilikuwa kukunja nepi. "Kunja vizuri," akiniambia, "usimpokee mwenzio na makunyanzi."

Asubuhi uchungu ulipomshika mama, bibi alitangulia na begi kwenda kutafuta gari. Alipokanyaga chini tu, ngazi ya mbao ikaporomoka nyuma yake. Vumbi lilijaa nyumba nzima.

"Msishuke!" bibi akapiga kelele kutoka chini. "Rudini ndani!"

Mama aliketi sakafuni, amekumbatia mguu wa kitanda. Nilikwenda mlangoni, shimo. Nilikwenda dirishani, chini mbali. Nikawa nazunguka chumba kile kama kuku aliyefunikwa tenga, na kila mama alipoguna nilihisi kuta zinasogea.

Dirisha letu lilitazamana na la jirani, mkunga aliyekwisha kustaafu. Akatoa kichwa.

"Mama yako yuko vipi?"

"Analia. Anasema mtoto anakuja."

"Mwambie alale ubavu. Usilie na wewe. Nnakuja."

Tulikuwa na kamba ya kikapu tuliyokuwa tukiishusha dirishani kununulia mkate. Nikaishusha, bibi akalifunga begi kwenye kamba hiyo, nami nikavuta. Lilikuwa zito, likigonga ukuta, kamba ikinichuna viganja, huku watu kichochoroni wakinihimiza: "Vuta, mwanangu, vuta!" Nililipokea, nikamtandikia mama khanga. Punde wanaume wakaegemeza ngazi ya mpaka rangi, na mara kikatokea dirishani kichwa cha yule jirani, buibui amelifunga kiunoni.

"Shikamoo," nikasema, kwa mazoea tu.

"Marahaba. Nipishe."

Mdogo wangu alizaliwa kabla ya adhuhuri. Alipolia, kichochoro kizima kiliitikia "Alhamdulillahi", na bibi, ambaye hakuweza kupanda, alikaa barazani akalia naye. Jioni mafundi waliunga ngazi, akapanda kumwona mjukuu wake.  Alimnusa kichwani, muda mrefu.

Bibi hayupo tena, na jirani naye ametangulia. Nyumba ile sasa ni hoteli. Nilipita karibuni, madirisha yamefungwa kwa ajili ya viyoyozi.

Mie nnakaa Kiembe Samaki, nyumba ya chini, ukuta mrefu, geti la chuma, gari iko uani. Mume wangu hurudi magharibi. Kule ngazi ilikatika, na mtaa mzima ukawa unatusikia. Hapa njia iko wazi, lakini mchana kutwa, nikiuma meno kwa maumivu ya mgongo huu, huwaza: nikiita, ataitika nani?