Muhogo wa Usiku Mmoja

Mnisamehe wasomaji. Niliishia darasa la tano, ninaandika polepole, na herufi zangu nyingine zimelala ubavu. Mkikwama mahali, rudieni tu.

Kabla ya mji kufungwa, Mama alivuka Lualaba kwa mtumbwi kila asubuhi kwenda shambani, Alunguli. Jioni alirudi na muhogo, majani yake ya sombe, mara nyingine samaki. Muhogo mchungu aliuzamisha katika pipa la maji siku tatu, ndipo akauanika na kuutwanga unga wa bugali. Mdogo wangu Sifa, mwenye miaka sita, aligonga pipa kwa kijiko.

"Mama, haiko tayari?"

"Mutoto wee! Siku tatu. Ukiharakisha, itakuua."

Kisha wapiganaji wakauzunguka mji toka msituni, na askari wa mjini wakakataza watu kuvuka mto. Sokoni kwetu, mtaa wa Kasuku, samaki wakaisha, maharagwe yakaisha. Tukabaki na muhogo wa nyuma ya nyumba, ule mchungu ambao hata wezi huuacha.

Njaa ilinigeuza kichwa. Nilikuwa na miaka tisa. Nikisikia bunduki, nilifikiri bugali. Mama alishinda akitafuta majani ya kula, pipa akaniachia mimi. Siku tatu nikazifanya mbili. Mbili zikawa usiku mmoja. Mama aliona, akasonga bugali hivyo hivyo.

"Yaya, bugali inauma ulimi," Sifa aliniambia. Yaya ndivyo alivyoniita, mimi mkubwa wake.

"Kula. Ulimi utazoea."

Tukala hivyo wiki nyingi, sahani moja, kama desturi yetu. Lakini baada ya mvua nilikamata kumbikumbi nyuma ya choo, nikawala palepale, peke yangu. Sikumwambia mtu.

Asubuhi moja milio ya risasi ilikaribia.

Mama akasema tukimbie.

Nikakimbia.

Sifa alisimama, akaanguka.

"Simama, Sifa! Hii si saa ya muchezo!"

"Sichezi, Mama. Miguu inakataa."

Ilikuwa imekakamaa kama michi. Mama alimbeba mgongoni.

Njia zilipofunguka, muuguzi alimkunja Sifa magoti, akatikisa kichwa. "Mama, ni ule muhogo njo ulimuharibu miguu." Alieleza kwamba sumu ya muhogo usiolowa vizuri huharibu njia za ubongo zinazoamuru miguu, na hazirudi tena. Akasema waliopata samaki au wadudu kidogo, wengi wao walinusurika. Niliangalia chini.

Leo Sifa anatembea kwa fimbo mbili, juu ya ncha za vidole. Anashona nguo kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, na akili yake inanipita. Mimi nina miguu yangu, lakini sijui kula. Nakula haraka kama ninayefukuzwa. Chakula kipo, na bado naficha matonge chini ya godoro mpaka yanaota ukungu.

Mwaka jana nilimwambia Sifa habari za kumbikumbi. Alisimamisha mashine.

"Ulikuwa na njaa, Yaya. Hata mimi ningekula."

Akazungusha tena kidogo, akaacha.

"Lakini ungeniachia hata wawili."

Niliokota vipande vya nguo chini ya mashine yake. Kama nawe ulikula siku zile ukimficha ndugu yako, niandikie, hata kwa mwandiko mbaya kama wangu. Nataka kujua siku hizi unakulaje.