Mama alivyofunika beseni langu la nano

Wakuu, salaam kwenu. Haya yamenipata mwenyewe, na chumvi nimeiacha jikoni.

Mimi mtoto wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi; wazazi walikimbia kutoka Fizi. Nasoma kemia Lilongwe, nimepanga Mchesi. Mama anatia vitambaa rangi pale kambini, na ndiyo ada yangu hiyo.

Shida ni maji ya kusuuza. Yanateremka bluu hadi milangoni kwa majirani. Wakampa hadi Jumapili: maji yatakate, au aache kazi.

Nikasema niachieni mimi. Msomi tena, mnatujua!

Project yangu ni zinc oxide. Unayeyusha chumvi ya zinki, unadondoshea soda kali (caustic) taratibu, mashapo meupe yanatokea. Unayaosha, unayakausha, unayaoka kwenye tanuru. Unapata unga wa chembe ndogo ajabu, ndiyo nano yenyewe. Ukipigwa na jua ndani ya maji, unavunja rangi. Ndiyo photocatalyst hiyo.

Jumatano nikatia unga kwenye beseni la maji ya bluu, nikaliweka uani kwa mama, nikarudi chuo. Jioni mama akapiga simu: "Iko bluu tu, baba."

Nikalaumu tanuru. Nikaoka upya, Ijumaa nikarudia.

Bluu.

Jirani mmoja akauliza kama ule si unga wa nsima, yaani ugali.

Jumamosi nikatia unga tena, safari hii nikagoma kuondoka. Nikakaa dirishani. Hata chai sijamaliza, mama huyo na sinia! Akafunika beseni, akaweka na jiwe juu.

"Mama! Unafanya nini?"

"Hatuachake maji wazi, baba. Kuku iko, batoto banarusha vumbi. Nilikufundisha nini?"

"Lakini ule unga unafanya kazi na jua!"

"Na we uliniambia ya jua wakati gani? Ulinipigia tu Kingereza."

Wakuu, niliona aibu. Miaka mitatu ananisomesha, sijawahi kukaa naye dakika kumi nikamweleza nasoma nini. Nilidhani hataelewa.

Nikamweleza palepale. Akaondoa sinia, akashinda uani akikoroga na kufukuza kuku. Saa tisa, unga ulipotua, maua yaliyochorwa kwenye kitako cha beseni yakaonekana.

Jumapili majirani walikuja wakaridhika. Aliyewaeleza kazi ya jua ni mama, na alieleza vizuri kuliko mimi.

Nilichojifunza: usilaumu tanuru kabla hujaongea na watu wa nyumbani.

Haya wasomi wenzangu, mama zenu wanajua mnasomea nini? Msinidanganye.