Beseni la Tuzo

Ngozi ya mbuzi inapokazwa kwa moto wa makumbi ya nazi hutoa harufu ambayo wenzangu wengi huipenda, kwa sababu huwaambia kwamba shughuli imeanza. Mimi hunichefua. Juzi juzi nilialikwa harusini Maili Moja, Kibaha, na kabla sijaketi upepo ukaniletea harufu hiyo kutoka uani. Nikachungulia. Wazee watatu na ngoma zao walikuwa wamewekwa nyuma ya vyoo, karibu na wanawake waliokuwa wakikosha masufuria, wanasubiri kuitwa. Nilisingizia kwamba napokea simu, nikaondoka na zawadi yangu mkononi. Aliyenialika sikumweleza kwa nini. Ngoja niwaeleze ninyi.

Baba yangu alikuwa mpiga ngoma wa Msimbu, huko Kisarawe. Alipiga msondo, ile ngoma ndefu inayosimamishwa na kupigwa kwa viganja vitupu, na wenzake wawili walimfuata kwa ngoma ndogo. Kuanzia kwetu hadi Maneromango, mwali hakutolewa nje bila baba kuitwa. Na katika kuitwa huko kulikuwa na jambo ambalo watu wa mjini hawalielewi: hakutaja bei. Kwetu ngoma haikupatanwa. Mpigaji aliyetaja bei alionekana hana imani na mikono yake. Unaitwa, unakwenda, unapiga, na shughuli ikikolea watu wenyewe wanakuja wakicheza na kukubandika noti kwenye paji la uso. Nyingine zinashikwa na jasho, nyingine zinadondoka miguuni, na mwisho wa shughuli wapigaji wanaziokota na kugawana. Huo ndio ulikuwa ujira. Ukipiga vibaya unarudi na jasho lako, na huna wa kumlaumu. Baba alikuwa na msemo wake, kwamba mkono ukisema kweli mfuko wa mtu hufunguka wenyewe. Niliuamini kuliko nilivyoamini vitabu vya shule.

Nilikuwa darasa la tano Baba Mkubwa Shomari alipokuja kutualika. Huyu na baba walikuwa watoto wa mtu na kaka yake. Alizaliwa Msimbu kama sisi, akasoma, akapata kazi ya ofisini, akajenga Maili Moja nyumba ya vigae yenye geti. Sasa alikuwa anamwoza binti yake wa kwanza. Alikaa kwenye mkeka wetu, akala muhogo wetu kwa nazi, akajifuta vidole kimoja kimoja kwa leso.

"Mdogo wangu," alimwambia baba, "muziki wa spika nimeshakodi, MC nimeshakodi. Lakini nataka wenzangu wa ofisini waone asili yetu. Njoo na msondo wako. Si unajua, mcheza kwao hutuzwa."

Baba alicheka kwa furaha mpaka macho yakapotea. Mama alikuwa pembeni akipukuchua mahindi ya mbegu. Aliuliza tu harusi ni lini, na alipojibiwa akaendelea kupukuchua.

Harusi iliangukia kwenye mvua za kwanza za masika. Anayelima anajua maana yake. Msimbu wakati huo hubaki na kuku tu nyumbani, kila mtu yuko shambani, kwa sababu mahindi yakiikosa ile mvua ya kupandia hayajazi. Na baba hakuwa na nafasi ya jembe. Alitaka msondo uwambwe upya. Akaloweka ngozi, akakwangua manyoya, akaivuta na kuigongea mambo, vile vijiti vya kuikaza, pembeni, akaianika na kuigeuza kila jua linapohama. Mchana wenzake walikuja, wakafanya mazoezi mpaka kila mkono ukajua unamjibu nani. Watu wasiopiga hudhani ngoma huanza pale wanapoisikia.

Nusu ya shamba ilikuwa bado haijaguswa. Baba alikuwa na hesabu yake na aliitamka wazi tukiwa tunakula: wageni wa Kibaha ni watu wa mishahara, watatuza vizuri, na kwa tuzo hizo ataweka vibarua, nusu iliyobaki ipandwe kabla mvua haijatukimbia. "Vumilia, Mama Zena," alisema. Mama aliendelea kulima peke yake, mdogo wangu mgongoni. Jioni alirudi na tope mpaka magotini, akawapakulia chakula baba na wenzake. Baba alimwambia, "Umefanya kazi," naye akajibu, "Haya."

Mimi nilichukuliwa kwa sababu nilijua kutikisa kayamba. Nilivaa gauni langu la Idi. Tulifika Maili Moja asubuhi, tukaoneshwa pa kukaa, uani, kati ya jiko na shimo la maji machafu. Tulikaa hapo mpaka alasiri. MC alikuwa na ratiba yake, na kila tulipoambiwa tujiandae baba alizikaza ngoma kwa moto, kisha tukaambiwa tusubiri keki, tusubiri bosi wa Baba Mkubwa afike, ngozi zikalegea, akazikaza tena. Hakuna aliyetuletea hata maji. Inzi walitoka kwenye shimo wakaja kutua kwenye midomo yetu. Nilimwangalia baba nikitegemea atakasirika, lakini alikuwa anatabasamu, anausemesha msondo kwa vidole, polepole, ili usilale.

Tulipoitwa hatimaye, baba alipiga namna ambayo sijawahi kuisikia tena. Siwezi kuwaeleza muziki kwa maneno. Ninachoweza kusema ni kwamba akina mama waliokuwa wamekaa kwa adabu kwenye viti vilivyovishwa vitambaa walivua viatu. Wanaume wa tai walisimama. Yule bosi mwenyewe alikuja akicheza vibaya sana, akambandika baba noti kwenye paji la uso, na baada yake wakaja wengi.

Ndipo Shangazi, dada yake Baba Mkubwa, alipotokea na beseni. Lilikuwa beseni jipya la plastiki, limetandikwa kitambaa cha lesi. Akasimama mbele ya baba, akawa anabandua noti kwenye uso wake kwa ncha za kucha, moja moja, anaikung'uta jasho kwa kukunja pua, anaitia ndani. Baba alidhani anatutunzia, kwa sababu mikono yake ilikuwa kazini. Mimi pia nilidhani hivyo, nikafurahi kwamba watu wa Kibaha ni wastaarabu hata hawaachi noti zikanyagwe. Baba alimtabasamia. Na kila Shangazi alipofika, aliinamisha kichwa kidogo ili zibanduke vizuri.

Kudhulumiwa kupo duniani, nimeshaona kwingi. Lakini mtu kuinama mwenyewe ili umdhulumu bila taabu, na wewe ukamkunjia pua jasho lake, hilo ni chafu kuliko lile shimo la uani.

Baadaye tuliletewa pilau, tukala tulipokuwa tumekaa. Wengi walikuwa wameshakula, kwa hiyo letu lilikuwa ukoko na mifupa ambayo nyama yake ililiwa na wengine. Baba alikula. Kisha alinawa, akavaa kofia yake, akamfuata Shangazi varandani. Nilikwenda nyuma yake.

"Dada, ahsante kwa kututunzia," alisema. "Wenzangu wanataka kuondoka mapema."

Shangazi alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Kwani kaka, zile si za bibi harusi? Huku kwetu kinachotuzwa ukumbini chote cha bibi harusi. MC alitangaza."

Waliokuwa karibu walicheka. Hawakuwa na ubaya, walicheka kama watu wanavyomcheka mgeni aliyekosea mlango. Baba Mkubwa alikuja akamshika baba bega, akamwambia kwamba shughuli hii ni yake pia, bibi harusi ni binti yake pia, na undugu ni kufaana si kufanana. Methali hupenda kukaa mdomoni mwa mtu aliyeshiba. Baba alisema, "Kweli, kaka."

Tulipokuwa tunafunga ngoma zetu, kijana wa spika alikuwa anakunja nyaya zake karibu yetu. Alikuwa ameona yote. "Mzee wangu," alimwambia baba kwa upole, "mimi hapa nisipomaliziwa changu kabisa siwashi hata spika moja. Hata awe nani." Baba alimwitikia kwa kichwa, akaendelea kufunga kamba. Nilimchukia yule kijana siku hiyo. Nilidhani anajivuna.

Wakati wa kuondoka Baba Mkubwa alitufuata getini na mfuko wa nailoni wenye pilau, "la watoto." Tulizunguka kwa njia ya Dar, tukalala njiani, tukafika Msimbu kesho yake. Mama alikuwa ameinama shambani, mvua imenyesha usiku, udongo uko tayari kabisa. Alinyoosha mgongo, akaniangalia mimi kwanza, kisha akamwuliza baba kama wametuzwa. Baba akampa ule mfuko. Mama aliufungua, na uchachu wake ukanifikia mimi niliyesimama mbali. Akawamwagia kuku, akaosha mikono, akarudi kwenye jembe.

Baba aliingia ndani na kulala kifudifudi. Siku zilizofuata tulipita nje ya mlango wake kwa kunyata. Wanakijiji walikuja kumpa pole kama aliyefiwa. Vibarua hawakupatikana. Ile nusu tuliipanda mama na mimi, baada ya shule, tukachelewa, na mahindi yake yakatoa magunzi. Mwaka ule tulikula muhogo asubuhi na jioni.

Mtoto anataka mbaya awe mmoja, na wangu alikuwa Baba Mkubwa. Nilimlea rohoni miaka mingi. Leo nafanya kazi Kibaha, naitwa kwenye vikao vya harusi, na mjumbe akisema wapiga ngoma watapewa chakula humwuliza kama na yeye mshahara wake hulipwa kwa sahani. Sipendwi kwenye vikao.

Mwaka juzi, baba akiwa ameshatangulia mbele ya haki, nilikuwa na mama Msimbu tunamenya muhogo, nikaanza tena kumsema Baba Mkubwa. Mama alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akaniuliza, zile tuzo nyingine zote, za Maneromango na kwingineko, niliwahi kumwona yeye akigawiwa?

Nilifikiri. Noti zilikuja nyumbani ndani ya kofia ya baba, zikatoka humo kwa mkono wa baba. Alinunua sukari, tukamshukuru. Alinunua kanga ya Idi, mama akapiga goti akamshukuru. Alinunua ngozi nyingine. Na mazoezi yale yote ya mchana, wanaume watatu wakishibishwa, mbegu ikifukiwa na mtu mmoja mwenye mtoto mgongoni, tuliyaita kipaji cha baba. Neno lile "umefanya kazi" mama alilipata kila jioni, na hata mimi nililiona linatosha.

Sikutaka kumwachia hivi hivi. Nikamwambia, lakini baba aliumia, mama, hukumwona alivyolala?

"Nilimwona, mwanangu," alisema, akachukua muhogo mwingine. "Baba yako aliumia vile kwa sababu hakuzoea. Sisi tuliozoea tulikwenda kupanda."