Hadithi Iliyokwama Relini

Miaka ile watu wa Shinyanga walilingoja gari la moshi kwa sababu za maana: chumvi, vitambaa, ndugu kutoka Tabora. Mimi nililingoja kwa ajili ya msichana ambaye hakuwapo duniani.

Alikuwa msichana wa hadithi ya mapenzi, iliyotoka kipande kipande katika gazeti la kila mwezi. Baba alikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka la Mhindi. Macho yake yalichoshwa na sindano, ndipo akanifundisha kusoma ili nimsomee habari za pamba. Pamba nilimsomea mara moja, mbiombio. Hadithi niliisoma mara nne peke yangu, kisha alasiri niliwasomea wanawake uani huku wakimenya karanga.

Nawapenda waandishi wale mpaka leo, wala sioni haya kusema. Wako wanaosema hadithi za mapenzi ni upuuzi wa wasichana. Wacha waseme! Nani mwingine wakati ule aliketi, akachovya kalamu, akajiuliza msichana anawaza nini akienda kuteka maji? Kasoro zao nazijua. Wasichana wao walizimia ovyo. Barua ikija, chini! Nani azimie Shinyanga na mtungi kichwani? Lakini walipofika pale moyo unataka hili na mdomo unaona haya, hapo walinikamata kabisa.

Yule msichana wangu wa gazetini alikuwa ameposwa. Wazee wameketi, anaulizwa kama anamtaka mume, anainua uso wake, na hapo mwandishi akakata: itaendelea. Loo! Nilitaka kulitafuna gazeti.

Mwezi uleule nami nikaposwa. Alikuwa mfanyabiashara wa samli, mtu mzima, mpole, aliyekuwa akihamia Geita kuwauzia wachimba dhahabu. Sina baya la kumsema. Ila kila nikimfikiria, miguu yangu ilitaka kwenda kwingine.

Nyumbani kwetu shangazi ndiye aliyetumwa kumwuliza msichana. Aliuliza mara tatu, siku tatu mbalimbali. Msichana anayekataa alitakiwa aseme. Akinyamaza mara zote tatu, amekubali, maana ni aibu kwake kutamka kwamba anataka mume. Desturi hiyo niliijua tangu utoto. Lakini, jamani, akili yangu yote ilikuwa stesheni! Mvua ilikuwa imekata reli, gari haliji, nami nilijiambia kwanza nijue mwenzangu alijibu nini.

Shangazi alipouliza mara ya kwanza, nilitazama njia ya stesheni. Mara ya pili nikamwuliza kama amesikia habari za gari.

"Nakuuliza mume, wewe waniuliza gari!" akasema.

Mara ya tatu nilinyamaza kimya, nimetega sikio, kwa kuwa nilidhani nimesikia mlio wa gari. Kumbe ng'ombe wa jirani. Nilipogeuka, shangazi alikuwa ameshapiga kigelegele. Kabla ya magharibi baba alikuwa amejibu barua ya posa, na siku ya ndoa ikapangwa.

Wiki mbili zilizofuata sikukalika. Nilifagia ua uliokwisha kufagiwa. Niliunguza ugali, nikapika mwingine, nikauunguza nao. Kila siku nilikwenda stesheni kwenye lile tope jeusi linalovua watu viatu, nikarudi mikono mitupu. Nilimkasirikia mwandishi, mtu nisiyemjua hata sura. Nilimwona amekaa pakavu anakunywa chai, na mimi ameniacha njia panda.

Gari likaja. Gazeti lilikuwa limelowa pembeni. Sikuthubutu kulisoma peke yangu. Nikaenda nalo moja kwa moja uani, ambako shangazi na wanawake wenzake walikuwa wakimenya karanga, safari hii za harusi yangu. Nikasoma kwa sauti. Msichana aliinua uso. Hakuzimia. Akasema, "Simtaki," akawaomba wakubwa radhi, akaketi. Basi. Baada ya machozi ya miezi yote ile, mistari miwili tu.

"Mayu!" akamaka jirani yetu Msukuma, akimwita mama yake kwa mshangao. "Kasema hivyo mbele ya wazee?"

"Kasema."

Nilipaswa kuendelea. Mstari uliofuata sikuuona. Nikasema tena, "Simtaki."

"Hapo umeshapasoma," jirani akanikumbusha.

Shangazi hakujua hata herufi moja ya gazeti. Aliacha kumenya, akanikazia macho.

"Hilo la pili," akauliza, "nalo limeandikwa?"

Nilikunja gazeti, nikalikalia.

"Halikuandikwa, shangazi. Ni langu. Niwie radhi."

Nilingoja kofi. Shangazi, aliyeishi na mume wake miaka ishirini bila kugombana naye mbele za watu, alikung'uta maganda kwenye kanga yake polepole.

"Nami nilinyamaza mara tatu," akasema. "Wala sikuwa nimekubali."

Kisha akainuka, akaenda barazani kumwambia baba airudishe ile posa.